Papai na Machungwa Mawili

Dada yangu mpenzi,

Mimi sijambo, ila nyumba imekuwa kimya mno tangu shemeji yako atutoke.

Jana nilichora papai na machungwa mawili kwa rangi za mafuta, kwa mkao mmoja, tangu asubuhi hadi alasiri. Sikuwa na wa kumwonyesha, nikaipeleka picha ikiwa bado mbichi kwa jirani yangu, fundi cherehani. Akasema, "Mama, papai hili ningelikata sasa hivi!" Nikacheka, kisha machozi yakanitoka.

Nilikuficha, dada. Daktari wa macho amesema mwaka hauishi kabla sijapofuka. Ndiyo maana sikuinuka mpaka nimalize.

Njoo upesi nikuchore, ningali nakuona.

Mdogo wako