Jicho la Rawiya

Reem shoga, hukuja! Rawiya kafumbua jicho ukumbini, mbele za watu!

Wiki nzima somo yake, Bi Maryam, kamfunda: biharusi akitolewa kutazamwa hufumba macho, hata kope hapepesi. Kakaa kama sanamu. Mara kahisi mtu kamnyanyua mkono, ndo kuchungulia. Jicho moja tu, wallahi!

Kumbe wifi yake anaing'ata bangili, ajue kama dhahabu kweli!

Mama mkwe kamaka: "Biharusi gani huyu ana macho?" Ana macho, Reem! Bi Maryam huku anamkonyeza afumbe, wageni wote astaghfirullahi.

Rawiya kafumba taratibu, kasema: "Jicho mmeliona. Na jino la wifi yangu je?"

Shoga, ukumbi mzima ukainamisha macho. Ungedhani wote ndo wanaolewa.