Nne kuvuta, sita kutoa

Mdogo wangu Neema,

Pokea salamu za Bujumbura.

Leo mchana nilikuwa nakula samaki wa kuchoma karibu na maghala ya bandarini. Wapakuzi wakaangusha mabati kutoka kwenye lori. Mlio wa kwanza tu nikaanza kuhesabu, kama tunavyohesabu huko Uvira kujua risasi ziko mbali kiasi gani. Kufika tatu nilikuwa chini ya meza.

"Mama, samaki iko juu, apana chini," mtu mmoja akasema, wakacheka wote. Iliniuma. Biashara iliyonileta huku nimeijenga kwa mikono yangu, leo nachekwa kwa ajili ya mabati.

Mwenye mgahawa hakucheka. Alipiga magoti, akanishika mkono. "We unajua kuhesabu? Hesabu pumzi. Nne kuvuta, sita kutoa."

"Mi naogopa."

"Ogopa, lakini hesabu."

Pumzi ya tisa nikaweza kurudi kwenye kiti. Bado nashtuka kila bati likianguka.

Mimi ndiye niliyekufundisha kuhesabu milio. Ikianza tena huko, iache. Mshike mama mkono, mhesabu pumzi pamoja mpaka nifike.

Dada yako anayewaogopea,
Riziki