Hasi Kumi na Mbili

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na mgongo umekupa nafuu. Mimi sijambo, ila magoti yananisumbua na uchovu hauishi hata nikilala.

Huku stoo ya chanjo tumeletewa mwalimu wa hesabu. Meneja kasema kila anayesoma kipimajoto lazima azijue namba chanya na hasi. Basi na miaka yangu hamsini na mbili nimerudi kwenye dawati. Jioni nafanya mazoezi kwenye ngazi za nyumbani, ile ya katikati nimeiita sifuri. Hasi tatu jumlisha tano: nashuka tatu, napanda tano, najikuta ya pili juu ya sifuri. Jirani aliniuliza nimepoteza nini, nikamwambia natafuta akili zangu. Kutoa namba hasi bado kunanitoa jasho, na wewe uliyekuwa ukinifanyia hesabu za shule safari hii hupo.

Juzi mwalimu aliuliza ipi ni baridi zaidi, hasi kumi na mbili au hasi ishirini. Wenzangu wakasema ishirini. Mimi nikasema kumi na mbili, kwa kuwa ndiyo ndogo. Darasa zima likacheka. Mwalimu alipoeleza kuwa ishirini ndiyo baridi zaidi, niliikumbuka ile friza ya chanjo.

Dada, sina namna ya kulizungusha hili. Friza ile hutakiwa kukaa kwenye hasi ishirini. Kabla haijagundulika kuwa chanjo zimeharibika, kwa siku tatu kipimajoto kilisoma hasi kumi na mbili. Nikaona imezidi kupoa, nikaweka tiki kwenye daftari kila siku. Siku ya nne ndipo shemeji, kwa kuwa ndiye fundi wetu, alipoitwa kuisafisha. Wakubwa walitazama tiki zangu, wakasema mashine ilikuwa nzima mpaka fundi alipoigusa. Mumeo akafukuzwa kazi, na tangu hapo unamwita mzembe mbele ya wanawe. Nami nilikuunga mkono. Naona aibu mno.

Leo asubuhi nimemweleza meneja yote na kumwachia daftari. Sijui kama kesho nitakuwa na kazi, na nimechoka hata kuhofia.

Wasalimie watoto wote. Shemeji usimpe salamu zangu. Mpe barua hii aisome mwenyewe, nawe ukae karibu naye mpaka aimalize.

Ni mimi mdogo wako,
Kifupi