Omena Mbele ya Mama Mkwe

Jumanne usiku

"Hii si ndiyo tunapeanga kuku?" Mama mkwe aliuliza hivyo mbele ya binti yetu Mwende, huku akichungulia omena, vile visamaki vidogo vya ziwani, niliyokuwa nimeloweka. Iliniuma, maana ametoka Machakos kuja kumchukua, eti akale vizuri kule. Amesikia kwamba siku hizi mume wangu Mutua anaitwa kazini siku chache tu.

Niliikaanga ile omena mpaka ikakauka, nikaongeza nyanya, kitunguu na ndimu. Mboga ya managu niliitia maziwa kidogo. Kupika najua, hiyo sina shaka nayo. Kodi ya nyumba ndiyo inaninyima usingizi.

Mwende alimaliza sahani yake bila kubembelezwa. Mama mkwe alionja kidogo, kisha akavuta sufuria karibu. Mutua alipoingia, alikuta tumembakishia ugali na managu tu.

"Mama, hata mimi hamkuniachia omena?"

"Kaanga mayai," akamjibu bila aibu.

Tukiosha vyombo, mama mkwe akaniambia polepole, "Mtoto akae na wewe. Lakini Nairobi ni baridi, mnunulie sweta."

Nitamtafutia Jumamosi, kwa mitumba pale Kawangware. Ya rangi nyekundu, kama anavyopenda.