Mwendo wa Saa Nane

Jumanne, 1 Agosti 1972

Leo Mwalimu Simeoni alileta tufe la dunia. Unavuta uzi kutoka mji hadi mji, kisha unaulinganisha na Ikweta, ambayo maili zake tunazijua. Wenzangu walipima Nairobi. Mimi nilipima Dar es Salaam hadi Moscow, aliko kaka Gabrieli. Maili elfu nne na mia tatu hivi. Kwa ndege ya jeti – saa nane! Mwalimu aliuliza nani amemaliza. Sikunyoosha kidole.

Nitamwambia baba jioni. Atafurahi.

Jumatano, 2 Agosti

Hakufurahi.

Alikuwa zizini anafunga ndama. Nilipomwambia saa nane akauliza, kaka yako akipanda ndege asubuhi je? Nikasema jioni yuko Dar es Salaam. Tena kwa ujinga wangu nikaongeza kwamba treni hadi Manyoni na lori hadi hapa Issuna ndivyo vinavyochelewesha zaidi.

Akaendelea kukaza kamba.

Miaka sita kaka anaandika yaleyale: ni mbali mno baba, vumilieni. Masomo aliyamaliza mwaka juzi. Baba alidhani ni safari ya miezi, meli na barafu. Watu aliwaeleza hivyo, kwa fahari. Mimi nimeifupisha.

Ijumaa, 4 Agosti

Baba anakunywa uji tu. Jana alisema, kama anayezungumza na ukuta, kwamba yeye alikwenda Tanga kukata mkonge, kwa miguu, na kila mvua ilipokaribia alikuwa hapa ameshika jembe.

"Baba Gabrieli," mama akasema, "mtoto ana kazi huko."

"Mimi nilikuwa nacheza?"

Leo amekaa muda mrefu akimtazama dume mwekundu wa kaka. Katika ukoo wetu anayekwenda mbali hutengewa ndama. Hauzwi, hachinjwi, mpaka mwenyewe arudi. Hata mwaka ule wa njaa baba hakumgusa. Shangazi Theresia alimtania: "Kaka, huyu ndiye Gabrieli sasa. Mvalishe shati twende naye kanisani." Siku ile baba alicheka.

Jumapili, 6 Agosti

Mama amenifuata kisimani. Niseme nilikosea. Niseme hesabu ilinishinda.

"Haikunishinda, mama."

"Najua. Wewe sema tu."

Kwa nini niseme uongo kwa ajili ya kaka? Aliyedanganya ni yeye. Mimi hata darasani naogopa kusema kweli ninayoijua, na hii moja niliyoisema ndiyo wanataka niimeze.

Jumatatu, 7 Agosti

Sijaenda shule. Baba amemtoa dume. Petro mchinjaji yuko uani na kamba yake. Mama amekaa chini, khanga mdomoni. Dume akichinjwa kabla kaka hajarudi, hakuna tena wa kungojwa. Jina lake halitatajwa tena hapa nyumbani.

Nilimwamkia Petro, nikataka kupita. Baba akaniita. Ameshika pembe, hajaiachia.

"Dina. Hilo tufe lenu lina ukubwa gani?"

Nikaonyesha kwa mikono. Kama kibuyu cha maziwa.

"Dogo hivyo?"

"Ndiyo, baba."

"Na dunia yote mmeipima hapo. Kwa uzi." Akamgeukia Petro, akacheka kidogo, kicheko kibaya. Kisha akanitazama mimi. Baba hajawahi kuniomba kitu. "Haiwezekani ulikosea?"

Nikasema ngoja nilete uzi.

Ninao hapa mkononi, ule niliopimia. Huko nje Petro anauliza kama aende au abaki. Baba bado ameshika pembe. Ananisubiri mimi, niseme kama nilikosea.