Mzee Aliyeangusha Ndege Kumi na Moja

Jumatatu, 22 Novemba 2004
Mzee mpya wa kumhudumia nyumbani kwake leo, mtaa wa Hornstull. Veikko, Mfini, miaka themanini na mitano. Nimemwogesha, nikamlisha uji. Ukutani kuna picha ya kijana kando ya ndege ya vita, mkiani mistari myeupe kumi na mmoja. Nikauliza ni ya nini. Akasema kila mstari ni ndege ya Warusi aliyoiangusha, vita vile vya zamani. Nikaweka kijiko chini.

Alhamisi, 25 Novemba
Binti yake, Ritva, amekuja. Kwake baba ni shujaa, basi. Tarehe sita, sikukuu ya uhuru wa Finland, mwandishi wa gazeti atakuja kumhoji. Nyumbani Alby nimemweleza mume wangu. Baudouin anasema mzee alilinda nchi yake, nimwache. Sawa. Lakini rubani aliyetupiga mabomu kwetu Uvira, 1998 — naye si angesema hivyohivyo? Dada yangu Emmanuella alikuwa anaanika ndagala, wale dagaa wa ziwani. Hatukupata hata kitenge chake.

Jumapili, 28 Novemba
Kanisani Hallunda. Mahubiri sikuyasikia. Nimwombe shefu wa kazini anibadilishie mzee? Lakini anavyocheka nikimkata kucha! Sijui.

Ijumaa, 3 Desemba
Amesema mwenyewe, nikimvalisha soksi. Ndege ya nane ilikuwa inawaka tayari. Rubani wake Mrusi alishafungua kioo ili aruke, akanyanyua mkono. Veikko alimwona uso. Akapiga tena. Kwenye ripoti akaandika: ndege moja. Ritva hajui. Hajui mtu yeyote.
Nikamwambia kwetu nako ndege zilitupiga. Akaniuliza, "Wewe ulituona marubani kutoka chini. Tulionekanaje?"
"Wadogo," nikasema. "Wadogo sana."
Nikamsimulia habari za Emmanuella. Hakuomba msamaha. Alilirudia jina mpaka akalitamka sawasawa. Nimelia kwenye treni hadi Alby — namlilia nani, hata sielewi.

Jumatatu, 6 Desemba
Naandika jikoni kwake, nyuma ya orodha ya dawa. Mwandishi amefika. Mimi nimemvalisha mzee suti, Ritva amembandika medali. Mwandishi akauliza ni ushindi gani anaoukumbuka kuliko wote. Mzee akaitazama picha ukutani. Ritva akaanza kumjibia, mzee akamzuia.
"Muulizeni huyu, Maombi. Nimemwambia yeye."
Wote wakanigeukia, Ritva akitabasamu. Nikasema kahawa inamwagika. Hata nilikuwa sijaiweka motoni.
Sasa imechemka. Ritva ananiita mara ya pili. Nikisema, namvua baba medali mbele ya mwanawe. Nikinyamaza, yule aliyenyanyua mkono anabaki namba nane tu.
Nachukua trei, narudi sebuleni.