Michembe Iliyofika Ujerumani

Mama,

Shikamoo. Nimekalia kigoda chako hapa mlangoni Katoro, bodaboda zinapita na makelele yaleyale uliyokuwa ukiyalaani. Meza yako ya dagaa sokoni ameichukua mama mdogo. Anauza, ila hana maneno yako, na wateja wananilalamikia mimi.

Nimekuja kukumalizia habari za Ujerumani, maana umeondoka na nusu tu.

Nusu hiyo nilikupa kwa simu, nikiwa bado kwenye treni, nimejaa hasira. Kanisa la kule lilikuwa limeialika kwaya yetu, na siku ile nilikuwa nakwenda peke yangu kwa mwenyeji wangu. Askari wawili walipita behewa zima lililojaa watu, wakasimama kwangu. Pasipoti. Kisha begi. Mmoja akatoa kifuko cha michembe yako, ile uliyoikata na kuianika mwenyewe niwapelekee wenyeji, akavinusa viazi vyetu vikavu utadhani amekamata bangi. Sijamsamehe mpaka leo. Nawe ukaniambia, "Rudi nyumbani, mwanangu. Mgeni hapekuliwi."

Mazuri nilikuwekea. Nilitaka nikusimulie hapahapa tukimenya karanga, nikuone ukicheka.

Mwenyeji wangu alikuwa mjane wa rika lako. Nilimwita Mama Lena, kwa jina la binti yake, akafurahi mpaka akawatangazia majirani. Kweli, jambo la kwanza aliloniuliza ni naondoka lini! Nikanuna. Kumbe alitaka kupanga siku zangu zote, nisikae hata moja peke yangu. Nilipomweleza ya treni alikasirika kunishinda. Tukaichemsha michembe, akaila na karanga kama nilivyomwonyesha, akaomba nimwongeze. Siku ya kuondoka alinibebea begi mpaka stesheni, akasimama akinipungia mkono hadi treni ikapotea. Nilikuona wewe, Mama, Mayu wangu, ulivyokuwa ukisindikiza wageni mpaka kwenye lami hata jua likiwaka.

Nilikuwa njiani kurudi simu ilipoingia. Presha imekuchukua. Mama mdogo anasema siku zile za mwisho ulikuwa ukiuliza neno moja tu: "Wamempa chakula?" Hakuna aliyejua la kukujibu. Jibu nilikuwa nalo mimi, Mama. Nililikalia tu, nikingoja tukae vizuri. Ungelala na moyo mweupe, na mimi nilikuwa na simu mkononi. Sijui nitalifanyaje jambo hili.

Mama Lena anakuja baada ya mavuno. Nakuahidi nitampokea begi bila kulifungua, nitamleta kaburini akusalimie, nitampikia michembe niliyoianika mwenyewe. Sitamuuliza anaondoka lini. Na akiondoka nitamsindikiza kwa miguu mpaka kwenye lami, nisimame pale mpaka gari lipotee.

Pumzika sasa, Mayu. Walinipa chakula. Nilikula, nikashiba.

Mwanao